Mizani Isiyorudi Sifuri

4 Februari

Mpwa wangu, Mama Dozi,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado yuko hai na bado ananenepa. Natumaini barua hii itakukuta mzima nyuma ya dirisha lako la famasi, ukiwakaripia watu wazima kwamba kijiko cha chai si kijiko cha mchuzi. Huku hatujambo. Jirani yangu fundi viatu anakusalimu sana. Amepata miwani, na sasa kwa mara ya kwanza ameona jinsi alivyokuwa akishona miaka yote, amehuzunika. Karakana yangu ni ile ile. Paa linavuja pale pale, juu ya kiti cha wateja, kwa hiyo wateja hawakai sana.

Umenikataza simu. Ulisema, "Mjomba, kwenye simu unanichekesha mpaka salio linakwisha, nikikata nakumbuka hujasema kitu. Andika." Haya, naandika. Mkono huu umezoea stakabadhi tu; nikimaliza mstari natafuta muhuri nigonge.

Kazi ipo. Juzi nilikwenda kukagua mizani ya muuza nyama, nikakuta sumaku ndogo imebandikwa chini ya sahani. Akaniambia hajui imefikaje pale. Nikamwelewa, maana hata mimi waliponipima kliniki nilisema hivyo hivyo kuhusu tumbo langu.

Ndiyo, nilikwenda kliniki. Nilikwenda kwa ajili ya mgongo, kwa kuwa mawe ya mizani ya kilo ishirini hayabebwi na mtu wa umri wangu akabaki amenyooka. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, akaniuliza habari ya mgongo, kisha ya usingizi, kisha akauliza ni lini mara ya mwisho nilifurahia chakula. Swali hilo lilinikuta sijajipanga. Nikaanza mzaha, mzaha ukakatika katikati, nikajikuta nafuta macho kwa karatasi yake ya kuandikia dawa. Ikabidi achukue nyingine. Kwenye hiyo nyingine akaandika sertralini, miligramu hamsini, kimoja kila asubuhi.

Wewe ndiye mwenye elimu. Vidonge hivi kazi yake hasa ni nini, na ubaya wake ni upi? Naulizia tu, kama mtu anayeangalia baiskeli dukani.

Jambo la mwisho ni la kipuuzi. Ile mizani ya magunia, ile kubwa ya mlangoni, imeharibika. Nafungua karakana asubuhi, hakuna kitu juu yake, na mshale hauko kwenye sifuri. Nimebadilisha springi, nimesafisha kila kitu hadi parafujo. Kesho yake mshale uko pale pale. Fundi mizani mzima nashindwa na mizani ya kwangu mwenyewe. Usimwambie mtu.

Mjomba wako,
Kilo


16 Februari

Mjomba Kilo, shikamoo.

Sisi wazima. Baba mtoto anakusalimu. Mjukuu wako ameota meno mawili na anayatumia. Bega langu lina ushahidi.

Nimefurahi ulikwenda kliniki, hata kama ulikwenda kwa ajili ya mgongo. Sasa nisikilize, na usisome huku unatengeneza kitu.

Dawa hiyo huandikiwa mtu mwenye sonona, ile huzuni inayokaa ndani ya mtu mpaka chakula kinakosa ladha. Huandikiwa pia mwenye hofu inayompanda ghafla, mwenye mawazo yanayojirudia hata akiyafukuza, na aliyepatwa na jambo zito lisilomwachia. Haifanyi kazi kama ya maumivu ya kichwa. Wiki mbili unaweza kupita hujaona kitu; wengi huanza kuona nafuu wiki ya nne, wengine ya sita. Ubaya ni kwamba usumbufu hutangulia: kichefuchefu, kuharisha kidogo, kinywa kukauka, jasho, usingizi kuruka. Mwingi hupungua wenyewe. Kuna na mambo ya chumbani ambayo siwezi kumwandikia mjomba wangu. Muulize daktari, usione haya.

Nakujua una diklofenaki, zile za maumivu ya mgongo, kwenye mfuko wa shati. Ukizichanganya na dawa hii, tumbo linaweza kutoka damu. Mwambie daktari akupe nyingine. Na zile tramadoli, dawa kali za maumivu ulizopewa na dereva wa lori, zitoe kabisa humo ndani, zirudishe famasi. Pombe nayo iache. Ukisahau kidonge leo, usimeze viwili kesho. Na wiki hizi za mwanzo, ukijiona umezidi kuwa vibaya, huwezi kutulia, au mawazo yamekuwa meusi kuliko mwanzo, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

La mwisho nimeliweka mwisho makusudi. Usiache ghafla. Hata ukijisikia umepona. Hasa ukijisikia umepona.

Hilo tu.

Mizani inasoma ngapi?

Mpwa wako


2 Machi

Mama Dozi,

Salamu kwa baba mtoto na kwa mwenye meno. Huku mvua imeanza, nimehamisha kiti cha wateja, na paa nalo likahama.

Nimeanza dawa kama ulivyosema, mwanafunzi mtiifu. Nimepata kichefuchefu, nimeharisha kidogo, kinywa kimekauka, jasho limenitoka na usingizi umeruka. Kwa hiyo mambo yanakwenda sawasawa. Diklofenaki nimempa fundi viatu anitunzie, akameza mbili palepale, akasema na yeye ana mgongo.

Nimekuwa nikimkumbuka mama yako mvua hizi. Hukuyaona haya, ulikuwa chuoni. Alikuwa akija karakana kila siku saa nne asubuhi, na kwa kuwa hakuna kiti kikavu, anakaa juu ya bamba la mizani ya magunia, anashona vifungo vya mashati yangu. Vifungo vyangu vilikuwa vikiruka wakati wote, unajua sababu. Anashona huku ananisema: "Kaka, hivi unakula au unapakia?" Na mimi namjibu ashuke kwenye mizani ya watu, anaichosha springi.

Umeuliza inasoma ngapi. Nilimwita fundi viatu aje aangalie. Akainama, akafuta miwani, akasema anaona sifuri. Lakini ile miwani ni mipya, labda bado hajaizoea.

Mjomba wako,
Kilo


11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima. Sitaandika mengi ya nyumbani leo.

Madhara yamekupata yote matano, mjomba, na yamekupata kwa mpangilio ule ule niliouandika mimi, hadi "kidogo" ya kuharisha. Miaka minne nimekaa dirishani. Mgonjwa anayemeza dawa hunilalamikia jambo ambalo sikumtajia.

Hujameza.

Sikukaripii. Nataka kujua mambo mawili. La kwanza, mizani inasoma ngapi, na kwa nini hutaki kusema. Habari hiyo ya mshale mwambie na daktari, neno kwa neno, kwamba wewe unauona na mwenzako hauoni. Asiposikia hilo hawezi kukutibu sawasawa.

La pili nakuuliza waziwazi kama ninavyomuuliza yeyote anayekuja kwangu na uso kama ninaouona kwenye mwandiko wako. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Mjomba, unafikiria kufa?

Nijibu hata kwa neno moja. Jumapili nitapiga simu, na ukianza kuchekesha nitakata.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Ulipiga Jumapili zote, nikaiacha simu iite. Nimeandika barua tatu kabla ya hii, zote nimechana. Ya kwanza ilikuwa na mzaha mzuri sana kuhusu muuza nyama.

Natumaini mko salama.

Jibu la swali lako la pili ni ndiyo. Si kila siku. Huja kama mteja asiye na haraka: anasimama mlangoni, hasemi kitu, mpaka mwenyewe unaacha kazi na kumwangalia.

Vidonge sijameza hata kimoja. Kila asubuhi nilikitoa kwenye karatasi yake na kukiweka kwenye sahani ya mizani ndogo, ile ya masonara. Pakiti ya kwanza ilipokwisha nilikwenda kuchukua ya pili, nikasema naendelea vizuri. Viko palepale, kwenye sahani. Kuna siku naviangalia mno.

Sasa nitakuambia kwa nini simezi. Ukimaliza kusoma, una haki ya kutoniita mjomba tena.

Mama yako alipewa vidonge vya aina hii miaka sita iliyopita. Vyake vilikuwa vya jina jingine. Baada ya miezi minne alikuwa amepona kabisa, au niseme mimi niliona amepona. Alikuwa anaimba. Aligombana na muuza nyama kwa ajili ya gramu thelathini, akashinda. Akaniuliza, "Kaka, hivi nitameza hivi vitu mpaka lini?" Angemuuliza daktari. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa kila kitu, na mimi sikusema sijui. Nikamwambia, "Dada, mizani ukishaisawazisha unaondoa jiwe, uone kama mshale utarudi sifuri. Usipoondoa jiwe utajuaje kama imepona?" Alilipenda sana neno hilo. Kesho yake akaja na pakiti yake, akaniwekea mkononi, nikaitia kwenye droo ya mawe. Tulicheka siku ile, mpwa wangu. Tulicheka sana.

Wiki haikwisha akaanza kuona kizunguzungu. Akasema akigeuza shingo anahisi kama umeme mdogo unapita kichwani. Nikamwambia ni dawa inatoka mwilini, avumilie. Droo ilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Kisha kizunguzungu kikaisha, nikajipongeza. Wiki ya tatu akaanza kuchelewa ile saa nne yake. Wiki ya tano alikuwa haji.

Siku ya mwisho alikuja. Akakaa juu ya mizani, hakutoa sindano. Nilikuwa na mteja. Akasema, "Kaka." Nikamwambia, "Subiri kidogo." Nilipogeuka hakuwepo.

Mengine unayajua. Kwa watu tulisema ajali.

Kabla sijamwambia asubiri, niliuangalia mshale. Mazoea ya kazi tu. Sikuangalia uso, niliangalia mshale. Ulisoma kilo hamsini na mbili. Ndizo unazosoma mpaka leo.

Kilo


3 Mei

Mjomba,

Barua hii anakuletea kondakta wa basi, sitaki posta.

Nimempigia fundi viatu kabla ya kuandika. Mpe vidonge vyote, vya kwenye sahani na vya kwenye pakiti, na ile pakiti ya droo kama bado ipo. Mpe leo, mbele ya kondakta, ili aniambie ameona. Fundi viatu atakupa kimoja kila asubuhi na atasimama mpaka umeze. Usimtanie, ameogopa.

Kesho saa mbili mtakwenda kliniki pamoja. Daktari nimeshazungumza naye. Mwonyeshe barua uliyoniandikia, nimeirudisha humu ndani.

Jumapili pokea simu.

Mengine siwezi kuandika sasa.


20 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini mko wazima, na meno yameongezeka. Asante kwa kupiga simu kila Jumapili. Najua ni mimi niliyekuwa nikiongea na wewe ukisikiliza, na ya hali ya hewa tu. Hata hivyo nilipokea zote.

Acha nikupe ripoti, safari hii kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Fundi viatu anatunza dawa kwenye kopo la rangi ya viatu. Anasema aliliosha. Kila asubuhi nameza kidonge chenye harufu ya kiatu cheusi. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu akiwa na nyundo mkononi, kwa kuwa alisahau kuiweka chini.

"Kilo, fungua mdomo."

"Mimi si mtoto."

"Mtoto angekuwa ameshameza."

Madhara: nilipiga miayo. Hukunitajia miayo. Nilipiga miayo mbele ya mkaguzi mkuu wa mizani mpaka taya likalia. Mikono ilitetemeka kidogo nikashindwa kuweka mawe madogo. Wiki ya pili ndiyo ilikuwa mbaya. Miguu haikutaka kutulia, nikazunguka karakana kama mbuzi kwenye kamba, na yule mteja asiye na haraka akaja akaketi kabisa. Nikakumbuka ulivyoandika, usingoje tarehe. Nikatoka nje nikamwambia fundi viatu, "Leo ni vibaya." Alifunga kibanda mchana kweupe, mteja mmoja akiwa na kiatu kimoja mguuni, akanipeleka. Daktari alinibakiza siku tatu, akanipa kitu cha kunituliza kwa siku chache, na kila Alhamisi nakwenda kwa mama mmoja mshauri ambaye haongei. Ananiangalia tu mpaka naongea mimi. Nimempa mizaha yangu yote mizuri, haikufaa kitu.

Wiki ya tano nilikula nikasikia chumvi. Nilipeleka sahani kwa fundi viatu aionje, nikidhani imezidi. Akasema iko kawaida.

Daktari nimemwambia habari ya mshale. Hakucheka. Mshale bado uko palepale, isipokuwa siku chache umekuwa hamsini na moja na nusu. Sijaugusa.

Hujanijibu lile la mama yako. Sidai jibu.

Mjomba wako, kama bado,
Kilo


30 Julai

Mjomba Kilo, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako anatembea akishikilia ukuta, na akifika mwisho wa ukuta anakaa chini na kungoja uletwe mwingine. Amerithi kwako.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Siwezi kukucheka tena kwa kuchana karatasi.

Nilijua, mjomba. Nimejua miaka yote sita.

Mama aliniandikia. Barua yake ilinifikia chuoni wiki ya mitihani. Aliandika kwamba ameacha vidonge, kwamba kaka yake amesema mizani ukishaisawazisha unaondoa jiwe, na kwamba kichwani anahisi kama umeme lakini anavumilia. Alijisifu, akaniwekea na kifungo kimoja cha shati lako kama kichekesho. Wiki ile mtihani wetu ulikuwa wa dawa hizo hizo. Ukurasa unaosema zisiachwe ghafla ulikuwa wazi mezani. Niliweka barua ya mama juu ya ukurasa huo, nikasema nitajibu nikimaliza. Nilijibu baada ya siku kumi na moja. Sikupiga hata simu. Niliona simu itamtia hofu, barua itamweleza vizuri zaidi. Nikaandika kurasa nne. Zilitembea wiki tatu kwa sababu nilikosea namba ya sanduku, mimi ninayesoma namba ndogo kuliko zote. Zilifika huko siku nne baada ya mazishi.

Umejiuliza kwa nini miaka sita nilikupigia kila Jumapili? Nilikuwa nangoja nipate nguvu ya kukulaumu. Kila Jumapili ukanichekesha. Nikikata simu najikuta nimebaki na lawama yangu yote, na mwenye kuibeba ni mimi.

Nikuambie na la kitaalamu, kwa kuwa ndilo ninaloweza kuliandika bila kuchana karatasi. Hakuna ajuaye kama mama angekuwepo leo lau angeendelea. Ugonjwa ule hurudi hata kwa wanaomeza. Daktari wake hakumwambia ameze kwa muda gani, na kwenye pakiti hakuna aliyeandika. Mimi sasa naandika. Kila anayechukua dawa hiyo dirishani kwangu anaondoka na mwandiko wangu kwenye boksi: usiache kabla hatujaonana. Wengine hunicheka.

Wewe utaendelea miezi sita angalau, tangu siku utakayojisikia vizuri, na siku ya kupunguza atapanga daktari, kidogo kidogo. Si wewe, wala si mimi.

Barua yangu ile ya kurasa nne ilikwenda wapi? Sijawahi kuthubutu kuuliza. Kama unayo, usiifungue na usiitume. Niletee kwa mkono. Kwa barua ile siiamini posta tena, na nataka aliyeibeba awe amekaa mbele yangu wakati naifungua.

Mpwa wako


24 Oktoba

Mpwa wangu, Mama Dozi,

Salamu kutoka kwa mjomba wako, ambaye ananenepa kwa sababu zinazokubalika. Fundi viatu anakusalimu na kukulalamikia: anasema tangu umpe kazi ya udaktari watu wa mtaani wanamwonyesha vidonda wakati anapiga misumari. Paa tumeliziba, mimi na yeye. Sasa wateja wanakaa, na nimegundua kuwa sikuwa nawapenda.

Barua yako ya kurasa nne ninayo. Iko kwenye droo ya mawe, chini ya jiwe la nusu kilo ili isijikunje. Sikuifungua kwa kuwa haikuwa na jina langu. Niliipima, nisamehe, ndiyo kazi yangu: gramu ishirini na moja. Miaka sita nilidhani ni barua ya binti anayemwambia mama yake kuwa amefaulu mitihani, nikaogopa kusoma furaha ya mtu aliyechelewa. Uliponiandikia Julai niliketi siku nzima. Sikukujibu upesi kwa sababu nilitaka kwanza kuwa mtu wa kukujibu.

Mshale umekuwa ukishuka. Sikukuambia kwenye simu. Agosti ulikuwa arobaini. Septemba kuna asubuhi nilipita mlangoni nikasahau kuuangalia, nikarudi mbio kama mtu aliyeacha mtoto dukani. Mwezi huu ukawa kumi, ukawa nne.

Jumanne nilifungua karakana, mshale uko sifuri.

Niligonga kioo. Nikaweka jiwe la kilo ishirini, ukasoma ishirini. Nikaliondoa, ukarudi sifuri, ukatulia. Mizani nzuri kabisa, ningeipiga muhuri. Ungedhani nilifurahi. Nilikaa juu ya bamba lile, mshale ukaenda unakokwenda nikikaa mimi, hilo halikuhusu, nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi, siku ambayo nilishinda nikihudumia watu. Ilikuwa kana kwamba mama yako ameshuka tena, na mimi tena nilikuwa nimegeukia mteja. Miezi yote ile niliogopa uzito ule, kumbe nilikuwa nao kama mtu aliyekaa na mgeni.

Fundi viatu akaingia na kopo lake.

"Kilo, mdomo."

Nikamwambia, "Leo ngoja kwanza."

Nikwambie ukweli, mkono wangu wote wa kazi, miaka thelathini, ulikuwa unasema kitu kimoja: mshale uko sifuri, ondoa jiwe, uone. Nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nimekula, nimelala, nimemkaripia muuza nyama. Ndivyo alivyokuwa mama yako asubuhi ile aliyoniletea pakiti, na sauti iliyokuwa ikiniambia niache ilikuwa ni yangu, ile ile, yenye uhakika ule ule. Niliitambua. Nilikuwa sijawahi kuisikia nikiwa upande wa kuambiwa.

Fundi viatu alivua miwani, akaifuta, akavaa. Akaangalia mizani, kisha akaniangalia mimi, na aliangalia uso.

"Nangoja," akasema. "Sina mteja."

Akavuta kiti, akakaa.

Nikafungua mdomo.

Ijumaa ijayo nitapanda basi la asubuhi. Barua iko kwenye mfuko wa ndani, na vidonge vya siku kumi kwenye kopo. Ukisikia harufu ya rangi ya viatu stendi, ni mjomba wako. Shati nitakalovaa lina kifungo kimoja kimekosekana, cha tatu kutoka juu. Nadhani unacho wewe.

Mjomba wako,
Kilo